Fyuzi ya Kiyoyozi Haikatiki Bure

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi mbele ya madereva, wamiliki wa magari na vijana wanaojifunza ufundi, tulipokutana chini ya mwembe wa karakana hapa Tabora mjini. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokuwa safarini. Michoro niliyoitundika kwenye turubai sikuiweka, kwa kuwa kila kilichokuwemo nimekieleza kwa maneno.

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Ndugu madereva, akina mama wenye magari yenu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwenye kivuli, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie kiyoyozi cha gari. Nimeona nisianze na kompresa, ile pampu inayobana gesi ya kiyoyozi, wala gesi yenyewe, ambazo ndizo kila mtu huzitaja kiyoyozi kinapogoma, bali nianze na kijiplastiki chenye miguu miwili ya bati, kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ambacho hapa dukani hakifikii hata bei ya soda. Nacho ni fyuzi, inayokatika umeme unapozidi ili waya usiungue.

Najua wapo wanaojiuliza moyoni: kiyoyozi ni cha nini kwetu sisi, tuliokulia kwenye mabasi ya kufungua madirisha? Nami nawauliza: ni nani hapa aliyewahi kupita njia ya Sikonge kuelekea Mpanda mwezi Oktoba, miombo yote ikiwa mikavu, akafungua dirisha? Mnacheka kwa sababu mnajua kilichoingia. Kwanza liliingia vumbi, kisha wakaingia mbung'o, na mbung'o mmoja ndani ya gari lenye watu saba humfanya hata mchungaji aache usukani na kuanza kujipiga makofi. Wazee wa Urambo na Kaliua wanayajua malale kwa majina ya watu waliowazika. Tena masika yakija, kioo cha mbele kikajaa ukungu wa pumzi za abiria, ni kiyoyozi hichohicho kinachokausha hewa na kumrudishia dereva macho. Kwa hiyo atakayesema kiyoyozi ni mambo ya wakubwa, mimi na yeye hatujasafiri njia moja.

Jambo la kwanza ninalotaka tulishike leo ni hili: kabla hujatoa fedha, sikiliza.

Miaka michache iliyopita alikuja hapa mwalimu mmoja kutoka Urambo na Toyota IST yake. Kiyoyozi kilikuwa kinatoa hewa ya moto. Alikuwa ameshajaziwa gesi mara mbili na watu wawili tofauti, na wa pili alikuwa amemwambia kwamba kompresa imekufa, atafute nyingine. Mama wa watu alikuwa amekuja na fedha za kompresa kwenye mkoba. Nilimwomba awashe injini, afungulie feni ya ndani, abonyeze swichi ya kiyoyozi, nami nikainama kwenye boneti. Nikasikiliza. Palikuwa kimya. Nikamwambia azime na abonyeze tena. Kimya. Nilifungua kisanduku cha fyuzi, nikachomoa fyuzi moja nyekundu, nikaielekeza juani, na mwalimu mwenyewe akaiona: ule uzi wa ndani ulikuwa umekatika katikati, pameacha alama nyeusi kama ya kiberiti. Nikaweka mpya. Akabonyeza swichi, kompresa ikajibu "tak!", na baada ya dakika mbili alikuwa ameweka kiganja kwenye tundu la hewa na kunitazama kana kwamba nimefanya mazingaombwe.

Wale wawili waliomjazia gesi, je, walimwibia? Sitaki kuwahukumu. Ninachosema ni kwamba hawakusikiliza. Ndugu zangu, gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli inavyoisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabanwa na kompresa, inapoozwa mbele ya rejeta, inapanuka na kupoa ndani ya dashibodi, kisha inarudi kuanza upya. Ikipungua, imevuja mahali, na asiyetafuta tundu akakujazia tu, amekukopesha baridi ya wiki chache. Na ikiwa gari lina gesi ya kutosha, kuiongezea ni kuidhuru kompresa. Mwalimu yule hakuwa na tundu lolote. Ilibidi tuipunguze gesi aliyozidishiwa, kwa mashine ya kuivuta, si kwa kuiachia hewani.

Sasa nisikilizeni kwa makini hapa, maana ndipo penye ufunguo. Kiyoyozi kina pumzi mbili. Pumzi ya kwanza ni feni ya ndani, ile inayosukuma hewa usoni. Pumzi ya pili ni kompresa iliyo kwenye injini, inayozungushwa na mkanda. Kila moja ina fyuzi yake. Ukibonyeza na hewa haitoki kabisa, hata ya moto, tafuta fyuzi ya feni, ambayo kwa kawaida ni kubwa, ya ampea 30 au 40 (ampea ndicho kipimo cha wingi wa umeme unaopita), na mara nyingi kwenye kifuniko imeandikwa HTR, kifupi cha Kiingereza cha hita. Hewa ikitoka kwa nguvu lakini ni ya moto, na kompresa haitoi ule mlio wa "tak", tafuta fyuzi ya kompresa, ambayo mara nyingi ni ndogo, ya ampea 7.5 au 10, imeandikwa A/C au herufi zinazofanana na hizo. Mlio wa "tak" ni klachi ya sumaku kwenye kompresa ikinasa. Tazama uso wa kompresa: puli ya nje huzunguka muda wote injini inapowaka, lakini sahani ya katikati huzunguka pale tu klachi inaponasa. Ikiwa sahani imesimama, kompresa haijaamrishwa, na kazi yako ni kuuliza amri imekwamia wapi.

Kwa haki niseme kwamba ukimya huo hauthibitishi kuwa kosa ni fyuzi. Kuna swichi ya presha inayozuia klachi isinase gesi ikiwa kidogo mno au nyingi mno. Kuna relei, swichi inayowashwa kwa umeme, ile boksi nyeusi ya mraba iliyo jirani na fyuzi, nayo hufa. Na magari ya karibuni mengine yana kompresa zisizokuwa na klachi kabisa, hizo utazisubiri zipige "tak" mpaka magharibi. Lakini fyuzi ndiyo inayotazamwa kwanza kwa sababu kuitazama ni bure. Je, kuna dereva hapa ambaye angelipa kompresa kabla ya kutazama kitu cha bure? Yupo, na fedha zake zilikuwa kwenye mkoba.

Tuje kwenye kuitafuta. Magari mengi tunayoendesha, haya yanayotoka Japani yakiwa yametumika, yana visanduku viwili vya fyuzi. Kimoja kipo kwenye boneti, jirani na betri, kina kifuniko cheusi cha kubana. Cha pili kipo ndani, chini ya dashibodi, upande wa dereva au nyuma ya kasha la abiria wa mbele, na hicho humlazimu mtu mnene kama mimi kulala chali na miguu nje kama ninachinjwa. Fyuzi ya kompresa inaweza kuwa kwenye kimojawapo, inategemea aina ya gari. Geuza kifuniko: ndani yake kuna ramani. Maandishi yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini A/C na HTR mara nyingi zimeandikwa kwa herufi zetu. Hapohapo, ndani ya kifuniko au kati ya fyuzi, mara nyingi kuna kikoleo kidogo cha plastiki, cheupe au cha njano. Kile si pambo. Ndicho cha kuchomolea.

Zima injini. Toa ufunguo. Bana fyuzi kwa kikoleo, ivute moja kwa moja juu bila kuiyumbisha, kwa sababu ukiiyumbisha unapanua meno yanayoishika, na fyuzi mpya itakaa imelegea, itapata moto, itayeyusha kisanduku. Usitumie koleo la chuma. Kijana mmoja wa hapa aligusisha koleo kwenye fyuzi na bati la gari kwa wakati mmoja, na cheche iliyotoka ilimfundisha kwa sekunde moja kile nilichokuwa nimekisema mwaka mzima. Na zile fyuzi kubwa za kwenye boneti, zilizo jirani kabisa na betri, usizing'oe kwa nguvu: nyingi zimefungwa kwa boliti kwa chini, na kabla ya kuzigusa, fungua kwanza waya wa hasi wa betri.

Sasa, itakuwaje kifuniko kimepotea? Hili ndilo swali la Tabora hasa, maana nusu ya magari yanayoingia hapa yana visanduku vilivyo wazi, au vina kifuniko cha gari jingine, jambo ambalo ni baya zaidi kwani ramani ya uongo ni hatari kuliko kukosa ramani. Dawa yake ni testa, ile taa ndogo yenye ncha na waya wa klipu. Bana klipu kwenye bati tupu la bodi. Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini. Kila fyuzi, mgongoni, ina vitundu viwili ambamo bati lake linaonekana. Gusa kimoja, gusa cha pili. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Isipowaka upande wowote, umeme haujafika hapo, na usiilaumu fyuzi. Kwa njia hii unazipitia zote kwa dakika tano bila kuchomoa hata moja. Tena testa inaona kuliko jicho, kwani zipo fyuzi ambazo uzi wake umepata ufa mwembamba kama unywele, ukizitazama juani utaapa kwamba ni nzima.

Jambo la pili, na hapa nitasema kwa ukali kidogo: rudisha namba ileile.

Fyuzi hizi za miguu bapa, zilizokuja miaka ya 1970 na kuzifukuza zile za vioo ambazo wazee waliowahi kuendesha Peugeot 504 wanazikumbuka, zina namba mgongoni na rangi inayoitangaza namba hiyo. Ampea 5 ni kahawia iliyopauka, 7.5 ni kahawia iliyokolea, 10 ni nyekundu, 15 ni buluu, 20 ni njano, 25 ni nyeupe inayoona ndani, 30 ni kijani. Aliyetengeneza gari alipima unene wa waya, akachagua fyuzi itakayokatika kabla waya haujapata moto. Ukiweka ya 30 mahali pa 10, umeuambia waya: sasa wewe ndiye fyuzi.

Nani hapa amewahi kufanya hivyo? Msinyooshe mikono. Nitanyoosha mimi wa kwanza.

Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi, sijapata hata mwaka. Fundi wangu alikuwa amekwenda msibani Nzega. Akaja mteja ana haraka, anasafiri na wakwe zake, fyuzi ya kiyoyozi imekatika. Dukani za ampea 10 zilikuwa zimeisha. Mimi kwa ujanja wa ujana nikachuna waya wa pasi iliyokufa, nikachukua nyuzi kadhaa za shaba, nikazizungusha kwenye miguu ya fyuzi iliyokatika, nikairudisha. Kiyoyozi kikawaka. Mteja akafurahi, akaniachia fedha ya chai, na mimi nikajiona mhandisi. Siku ya tatu gari likarudi likivutwa kwa kamba. Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya kandambili iliyotupwa motoni. Koili ya klachi, ule waya uliozungushwa unaotengeneza sumaku yake, ilikuwa imeingia shoti, na kwa kuwa fyuzi niliiziba mdomo, umeme ulipita bila kipimo mpaka waya mmoja ukayeyuka na kuwababua jirani zake wote katika fungu lile nyuma ya dashibodi. Tulilala pale siku nne tukiunganisha waya mmoja mmoja. Fundi wangu hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa kile kifyuzi chenye shaba, akanitaka nikae nacho mfukoni mpaka nitakapofuzu. Nilikaa nacho.

Kwa hiyo mkiniona nakataa kuweka karatasi ya pakiti ya sigara, nakataa msumari, nakataa kijani mahali pa nyekundu, msidhani najidai. Ukikwama porini na huna fyuzi, azima ya namba hiyohiyo kutoka kwenye kitu usichokihitaji kwa saa hiyo, redio au kiwashia sigara, mradi namba na umbo viwe sawa, maana zipo za umbo kubwa, dogo na fupi kabisa. Usipoipata yenye namba hiyo, weka ndogo zaidi, kamwe usiweke kubwa. Na ukienda dukani, usinunue pakiti kwa sababu ni rahisi tu. Nimewahi kujaribu mezani fyuzi isiyo na jina la mtengenezaji, imeandikwa 10, nikaipitishia umeme mara mbili ya huo, ikawa inapata joto tu na kunitazama, ilhali fyuzi ya kweli hukatika kwa sekunde chache.

Jambo la tatu ndilo lililonipa kichwa cha maneno haya. Fyuzi haikatiki bure. Inaweza kuchoka kwa umri, nakubali, kwa hiyo ikikatika mara ya kwanza, weka mpya, uendelee na safari yako. Ikikatika mara ya pili, acha kununua fyuzi. Mara ya pili fyuzi inakuwa imekuletea habari, nawe unamchoma tena mjumbe.

Kuna ndugu wa Probox, muuza karanga, yupo hapa lakini ameniomba nisimtaje jina. Alikuja akiwa amemaliza fyuzi nne ndani ya wiki mbili. Maelezo yake yalikuwa ya ajabu: mjini, kwenye lami, kiyoyozi kinafanya kazi vizuri kabisa, lakini akiingia tu barabara ya vumbi kufuata karanga vijijini, kabla hajafika mbali, fyuzi inakatika. Wengine walimwambia ni mkono wa mtu. Mimi nilimwambia ni mkono wa njia mbovu, kwani kitu kinachotokea gari likirukaruka ni waya unaogusa mahali usipopaswa kugusa.

Tukafanya hivi, na vijana naomba mlishike. Badala ya kuweka fyuzi ya tano, tuliweka balbu ya taa ya breki, ya wati 21, ikiwa na nyaya mbili, mahali pa fyuzi. Balbu hairuhusu umeme mwingi kupita, kwa hiyo hata kukiwa na shoti hakuna kinachoungua, balbu inawaka tu kwa nguvu. Tukachomoa plagi ya kompresa, injini ikiwaka na swichi ya kiyoyozi ikiwa imebonyezwa. Balbu haikuwaka, na ndivyo inavyotakiwa. Tukapima ukinzani wa koili ya klachi kwa mita: omu 4. Gawanya volti 12 kwa 4, unapata ampea 3, hiyo ni koili yenye afya, fyuzi ya 10 inaibeba bila jasho. Basi kosa haliko kwenye kompresa. Nikaanza kuutikisa ule waya kwa mkono, taratibu, kuanzia kwenye plagi nikirudi nyuma. Nilipofika chini ya betri, balbu ikawaka. Nikaachia, ikazima. Nikatikisa, ikawaka.

Tulipotoa betri, tulikuta kiota. Majani makavu, pamba ya kiti, na maganda ya karanga ya kujaza kopo. Panya walikuwa wameona gari linalala kila usiku mlangoni mwa ghala, lina joto, wakahamia, na walipomaliza karanga wakaonja waya. Palikuwa pamegugunwa kama urefu wa njiti ya kiberiti, shaba iko wazi, na kila gari liliporuka, shaba ilibusu bati la bodi. Tulikata kipande, tukaunga, tukavisha mpira, tukaufunga waya mbali na bati. Fyuzi ya tano bado imo mpaka leo. Mwenye gari sasa anafuga paka, na anamlisha kuliko anavyotulipa sisi.

Kabla sijamaliza, neno moja kwa wenye magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, kama Aqua na Prius, kwani nayo yameshaingia mjini. Kompresa zake haziendeshwi na mkanda bali na umeme wa betri kubwa, wa zaidi ya volti 100. Fyuzi ndogo za kawaida kwenye kisanduku unaweza kuzitazama kama nilivyoeleza. Lakini waya wowote wenye ganda la rangi ya chungwa, usiuguse, usiuchune, usiuchomoe, na usimruhusu kijana wangu yeyote auguse mpaka niwepo.

Sasa wale wanaotaka kushika kwa mikono yao, naomba tusogee kwenye ile Noah nyeupe pale ukutani. Imeletwa jana jioni, inatoa hewa ya moto, kifuniko cha kisanduku hakipo, na mimi sijaifungua. Mama wa IST ya buluu, wewe uliyeuliza swali kabla hatujaanza, njoo ushike testa. Klipu ianze kwenye bati. Hapana, hapo pana rangi. Kwaruza kidogo. Ndiyo, hapo.